UZI: Baghala hazai, lakini si kwa sababu ana kromosomu 63. Njooni tuone zinavyoshonwa

MaalimLangoni (mwanzisha uzi)

Asalaam aleikum wanajamvi.

Nafundisha bayolojia kidato cha nne hapa Lamu. Wiki iliyopita nilikuwa kwenye mayosisi, ule mgawanyiko wa seli unaotengeneza mayai na mbegu za kiume, na kama kila mwaka nikatoa mfano wa baghala. Mtoto wa hapa anamjua punda kabla hajajua kusoma. Amemwona na shogi mgongoni akipandisha mchanga na mawe ya matumbawe vichochoroni, amemshangilia kwenye mbio za Maulidi. Basi nasema: punda ana kromosomu 62, yaani zile nyuzi za ndani ya seli zinazobeba urithi, farasi ana 64. Mtoto wao baghala, ambaye wengine mwamwita nyumbu, anapata 31 huku na 32 kule, jumla 63. Nambari witiri haigawanyiki kwa mbili, kwa hiyo hazai. Nafuta ubao, tunaendelea.

Safari hii binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Maalim, mtu mwenye Down, ile hali ya kuzaliwa na kromosomu moja ya ziada, ana kromosomu 47. Nimesoma kwamba wako wanawake wenye Down waliozaa. 47 si witiri?"

Nilibaki na chaki mkononi. Yule mtoto ana haki kabisa. Wanawake hao wapo, wameandikwa katika vitabu vya tiba. Na nilipofika nyumbani nikaona jambo jingine linaloangusha kabisa jibu langu la miaka yote: yuko farasi-mwitu wa Mongolia, huitwa farasi wa Przewalski, mwenye kromosomu 66. Akipandana na farasi wa kawaida wa 64, mtoto anapata 65. Witiri tupu. Na yule mtoto huzaa vizuri.

Kwa hiyo idadi si jibu. Jibu liko kwenye hatua ambayo vitabu vyetu vya shule vinaipitia kwa sentensi moja tu, "kromosomu za jozi hukaa pamoja." Hukaaje? Nani anazikutanisha? Nimekaa na jambo hili siku nne na nimeona nisilibane peke yangu. Nitaandika kidogo kidogo, mwenye swali aulize.

---

Nahodha_Mzee

Waaleikum salaam Maalim. Mimi nimelea punda miaka mingi, na marehemu babangu vilevile, wala baghala sijamwona Amu hata mmoja, kwa sababu farasi hapa ni wa kutafuta. Lakini nataka kujua. Huyo baghala ana tamaa ya kupanda kama dume lolote? Au hana kabisa?

---

MaalimLangoni

Ami Nahodha, anayo. Mwili wake mzima, nguvu anazo, na dume hupanda. Ila mbegu hazitoki. Ann Chandley na wenzake Uingereza walichunguza korodani za mahuluti hawa mwaka 1974, wakaona seli zinaanza kazi ya kutengeneza mbegu kama kawaida, kisha zinakwama njiani, na nyingi zinakwama pale pale ambapo kromosomu zinatakiwa kujipanga jozi jozi. Kazi inaanza, inafika mahali pamoja, inasimama.

Sasa tuingie ndani. Mimi na wewe tuna kromosomu 46, yaani jozi 23: katika kila jozi moja ya mama, moja ya baba. Yai au mbegu lazima ibebe 23 tu, moja kutoka kila jozi. Ili kugawa jozi, kwanza uzijue jozi. Fikirini nyuzi 46, ndefu, zimejaa ndani ya kiini cha seli, na kila nyuzi imeshajinakili kwa hiyo ni pacha wawili waliogandana. Hakuna jicho, hakuna taa. Kila moja itafute mwenza wake mmoja tu kati ya zote zile.

Zinasaidiwa na protini. Ya kwanza kuangalia ni zile za kwenye ncha. Ncha ya kromosomu huitwa telomea. Mwanzoni mwa mayosisi, protini ziitwazo TERB1, TERB2 na MAJIN huzifunga ncha zote kwenye ukuta wa kiini, kwa ndani. Kisha SUN1 hutoboa utando wa ndani, KASH5 ikaipokea kwenye utando wa nje, na huko nje KASH5 imeshikana na injini ndogo iitwayo dineini, ambayo kazi yake ni kutembea juu ya nyuzi za seli ikivuta mzigo. Dineini ikitembea, ncha ya kromosomu iliyoko ndani ya kiini inaburutwa kutoka nje ya ukuta. Nilipoelewa hili nilifunga kitabu nikatoka barazani. Kromosomu haiendi yenyewe. Inavutwa kama mashua inavyovutwa na mtu aliyeko gatini, na yeye hata kwenye mashua hayumo.

---

BintiMatondoni

Maalim shikamoo. Mimi nasuka mikeka, bayolojia niliacha kidato cha pili. Lakini hilo la ncha nimelielewa kuliko unavyodhani. Mkeka huanza na ukili, ule utepe mrefu wa miyaa uliosukwa. Ukishakuwa na kili za kutosha unaziunganisha ubavu kwa ubavu kwa kushona. Mtu asiyejua huanza kushona popote, akifika mwisho ukili mmoja umezidi, mwingine umepungua, na maua hayakutani. Mjuzi hushika ncha kwanza. Ncha zikilingana, katikati patafuata.

Swali langu: hizo ncha zikishakusanywa, ukili unajuaje kwamba huyu ndiye mwenzangu? Kwangu mimi ni rangi na maua. Kule hakuna rangi.

---

MaalimLangoni

Marahaba binti. Umenipa somo ambalo nitalibeba darasani, na hata picha iko sawa: katika hatua hiyo ncha huenda upande mmoja wa kiini, na mwili wa kromosomu unaning'inia kama shada la maua lililoshikwa vikonyo.

Swali lako ndilo kiini cha mambo. "Maua" ya kromosomu ni mpangilio wa herufi za DNA. Lakini DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana, na herufi zimegeukia ndani. Mtu wa nje hazisomi. Kwa hiyo seli inafanya jambo ambalo, mara ya kwanza kulisoma, nilidhani nimekosea: inajikata.

Iko protini inayoitwa SPO11. Ilijulikana kwa kazi hii mwaka 1997, kwenye hamira (ile ya mkate, nayo ni kiumbe hai), kwa mkono wa Scott Keeney, Craig Giroux na Nancy Kleckner. SPO11 hukata nyuzi zote mbili za DNA, makusudi. Panya hukatwa mahali 200 hadi 300 katika seli moja. Kwingine mwilini, kwa kawaida mkato wa namna hii ni hatari, unaweza kuleta saratani. Hapa ni lazima.

Baada ya mkato, ncha za jeraha hutafunwa upande mmoja, ukabaki mkia wa nyuzi moja tu, herufi zake ziko nje, zinasomeka. Mkia huo huvikwa protini mbili, RAD51 na DMC1. Hii DMC1 ni ya mayosisi peke yake, haifanyi kazi kwingine. Zikishauvika mkia, zinauingiza kwenye DNA nyingine, zinapapasa, zinalinganisha herufi. Hazikulingana? Unachomolewa, unajaribu kwingine. Zikilingana, wenza wamejuana. Protini nyingine mbili, HOP2 na MND1, husaidia kuhakikisha mkia haukubali mwenza wa uongo.

Na kuna mtego. Nilisema kila kromosomu imeshajinakili. Mkia ukitafuta wa kulingana naye, wa karibu kabisa ni yule pacha aliyegandana naye, na huyo hafai, kwa sababu kukumbatiana na nakala yako hakukupi mwenza. Ndipo HORMAD1 na wenzake wanaposimama mgongoni mwa kromosomu kuelekeza: usiende kwa pacha, nenda kwa mwenza. Hii naipenda mno.

---

FundiWaMbao

Maalim, umetumia neno kushona kwenye kichwa cha uzi. Nimesubiri ufike hapo. Mimi ni fundi wa mashua, leo tunatumia misumari, lakini wazee wetu wa visiwa hivi walishona mitepe. Hakuna msumari hata mmoja. Mbao mbili zilikaa ubavu kwa ubavu, zikatobolewa kwa keke, tundu la ubao huu likabiliane na tundu la ubao ule, kisha kamba ya nazi ikapita huku na huku. Kisha matundu yakazibwa kwa vijiti. Mitepe ilitoweka mwanzoni mwa karne ya 20, lakini kazi yenyewe tuliisikia kwa wazee.

Nataka kukwambia hivi. Shida ya mtepe haikuwa kamba. Ilikuwa matundu. Ubao wa juu ukitobolewa kila shubiri na wa chini kila shubiri na nusu, kamba itapita mara ya kwanza, mara ya pili itakwenda upogo, mara ya tatu mbao zinajipinda. Huwezi kuendelea, na ukiendelea chombo kitavuja. Je, baghala si hivyo?

---

MaalimLangoni

Fundi, baghala ni hivyo hivyo. Nisingeliweza kulisema vizuri zaidi.

Mshono wenyewe uligunduliwa mwaka 1956, na watu wawili kila mmoja mahali pake: Montrose Moses na Don Fawcett. Wote waliangalia korodani kwa hadubini ya elektroni. Moses alimwangalia mnyama mdogo wa mtoni wa jamii ya kamba, wale wanaoliwa, Fawcett aliangalia njiwa, paka na binadamu. Wakaona mistari miwili sambamba na katikati yake vijiti vinavyovuka kama ngazi. Leo inaitwa kompleksi ya sinaptonema. Upana kati ya mstari na mstari ni karibu nanomita 100. Chukua unywele wako, upasue unene wake vipande elfu moja, kimoja ndicho hicho.

Mistari ya pembeni, yaani mbao za Fundi, imejengwa na SYCP2 na SYCP3, imekaa juu ya kohesini, zile pete za protini zinazowashika pacha wawili pamoja. Kamba yenyewe ni SYCP1. Molekuli yake ni ndefu na nyembamba; mkia mmoja umeshika ubao wa huku, kichwa kimefika katikati, na hapo kinakutana kichwa kwa kichwa na SYCP1 iliyotoka ubao wa pili. Zikishikana moja, zinavuta nyingine, mshono unakimbia urefu mzima wa kromosomu. Kwenye hamira kazi hiyo inafanywa na protini iitwayo ZIP1, jina limetokana na zipu.

Ndani ya mshono huo mikato yote hushonwa. Mingi hushonwa bila alama. Michache, kwa panya karibu 25 kati ya zile 200 na zaidi, huishia kwa wenza kubadilishana vipande. Ndiyo maana kromosomu moja anayopewa mtoto huweza kuwa na vipande vya babu na vya bibi pamoja. Na mabadilishano hayo yanabaki kama fundo. Zipu ikishafunguliwa, fundo ndilo linalowashika wenza mpaka dakika ya kuvutwa kila mmoja kwake.

Sasa rudini kwa baghala. Ubao wa farasi na ubao wa punda. Herufi zinafanana sana, lakini tangu ukoo wao uachane, kromosomu zimekatika, zimegeuka, zimeungana upya mara nyingi. Kipande ambacho kwa farasi kiko mwanzo, kwa punda kiko katikati ya kromosomu nyingine. Matundu hayakabiliani. Mkia unapapasa, unapata kidogo hapa, kidogo pale, mshono unaanza na kukatika. Seli ina protini za ulinzi zinazokagua. Zikiona kromosomu hazikushonwa na mikato iko wazi, seli inaamriwa kufa.

Na yule mtoto wa farasi wa Przewalski? Tofauti ya 64 na 66 ni kwamba kromosomu moja ndefu ya farasi ni sawa na mbili fupi za mwitu. Ubao mmoja mrefu, mbao mbili fupi, lakini matundu yanalingana moja kwa moja. Unazilaza fupi mbili ubavuni mwa mrefu, unashona. Idadi ni witiri na mshono ni mzima.

Mwenye Down naye, kromosomu yake ya ziada ni ya 21, tatu zinazofanana kabisa. Mbili hushonana, ya tatu inakaa pembeni au inajibana. Kazi inaweza kuendelea.

Kesho nitamwomba yule binti radhi mbele ya darasa na kumpa jibu lake.

---

NesiMokowe

Maalim hongera, lakini nikusahihishe mahali pamoja. Umeeleza kana kwamba kila kiumbe hukata kwanza ndipo kikashona. Kwa binadamu, panya na hamira ni kweli. Lakini yule mnyoo mdogo wa udongoni, Caenorhabditis elegans, anashona hata SPO11 isipokuwepo. Inzi wa matunda wa kike naye vilevile.

Mnyoo yule ana jozi 6, na kila kromosomu ina sehemu karibu na ncha moja yenye alama. Maabara ya Abby Dernburg kule California ilionyesha mwaka 2005 na 2006 kwamba alama hizo hushikwa na protini nne za familia moja: HIM-8 kwa kromosomu X, ZIM-1 kwa ya pili na ya tatu, ZIM-2 kwa ya tano, ZIM-3 kwa ya kwanza na ya nne. Huko ni kama kila ukoo una mshenga wake.

Na kuhusu matundu ya Fundi kuna jambo kubwa zaidi. Kwa binadamu na panya, SPO11 haikati ovyo. Protini iitwayo PRDM9 hutangulia kuweka alama, "kata hapa." Koo za panya zina PRDM9 tofauti. Mwaka 2009 watafiti wa Prague waliiona kuwa ndiyo inayofanya madume wengine chotara wa panya wawe tasa, ingawa wazazi ni spishi moja. Mwaka 2016 wenzao wa Oxford wakaibadilisha sehemu ya PRDM9 ya panya wakaweka ya binadamu, na wale madume chotara wakazaa. Mbao zilikuwa zile zile. Waliyempa panya ni mtoboaji mpya, anayetoboa pande zote mbili pahali pamoja.

---

MaalimLangoni

Dada Nesi, ahsante sana, napokea sahihisho. Hilo la 2016 sikulijua. Nimelisoma mara tatu.

---

Kimya_Kingi

Nimesoma uzi huu tangu magharibi na sijui niandike au niache. Wacha niandike.

Mimi ni mtu wa hapa hapa. Nimeoa mwaka wa kumi na moja. Hatuna mtoto. Miaka sita ya mwanzo mke wangu alipimwa kila kitu. Kipimo hiki, picha ile, dawa za kunywa, makombe ya kuandikiwa, mafusho, safari tatu za Mombasa. Mimi hakuna aliyenigusa. Kituo tulichokuwa tukienda kiliandika jina lake kwenye faili, langu halikuwemo. Mama zangu wadogo walimwita kwa jina ambalo sitaliandika hapa, wakaniletea picha za mabinti wa kuoa.

Mwaka wa saba daktari mmoja mpya akauliza, "Na bwana je?" Nikapima. Shahawa zipo, mbegu hata moja hamna. Baadaye, mji mwingine, wakachukua kipande kidogo cha nyama. Karatasi ilirudi imeandikwa kwamba seli zinaanza kutengeneza mbegu na zinasimama katikati. Yule aliyenipa karatasi alisema tu "pole, ni kazi ya Mungu" akaita mgonjwa mwingine. Nimekuwa na karatasi hiyo kwenye kabati miaka minne. Leo Maalim anaandika "kazi inaanza, inafika mahali pamoja, inasimama." Nimetetemeka.

Swali langu ni moja. Yawezekana kwangu ni mshono?

---

MaalimLangoni

Ndugu yangu, nimechelewa kukujibu kwa sababu nimetaka kila neno liwe sahihi.

Yawezekana, ndiyo. Mimi si tabibu, na karatasi moja haitoshi kusema ni protini gani, lakini jambo lako linajulikana na lina majina. Mwaka 2003 watafiti wa Japani waliwachunguza wanaume 19 wa hali kama yako, seli zinaanza na kusimama, wakawakuta wawili wana kasoro katika jeni ya SYCP3, ule ubao wa pembeni. Mwaka 2015 ikaonekana jeni nyingine, TEX11, kwa wanaume wengine wasio na mbegu. Protini yake husaidia mshono na mabadilishano. Na si wanaume tu. Mwaka 2014 katika ukoo mmoja wasichana ambao hawakupata hedhi walikutwa na kasoro katika STAG3, sehemu ya pete za kohesini. Ziko nyingine zaidi ya hizi, na wengine hupimwa zote na isipatikane hata moja.

Kasoro hizi, kama unazo, hukuzifanya wewe. Mtu huzaliwa nazo. Si chakula, si baiskeli, si ujana, si mtu aliyekufunga.

Na mkeo hakuwa na lolote. Nalisema hapa mbele ya watu wote.

---

NesiMokowe

Kaka Kimya, nami niongeze ya kazi. Ukipata nafasi umwone daktari wa uzazi wa kiume, na karatasi ile uende nayo, usiitupe. Mwulize kama kromosomu zako zimewahi kuhesabiwa, na kama kromosomu Y imeangaliwa vipande vilivyokatika. Hivyo ni vipimo vya damu tu. Kuna wanaume wasio na mbegu kwa sababu njia imeziba, hao mbegu zao ziko ndani nzima. Wako kwa sababu ya homoni, hao wana dawa. Wako wa kusimama katikati kama wewe, na hao pia hawafanani wote. Bora kujua uko wapi.

Kwa wengine wanaosoma: kupima shahawa ni jambo la asubuhi moja. Mke na mume waanze siku moja. Miaka sita ya sindano kwa mwanamke ambaye hakuumwa ni dhuluma, na nimeiona kwa macho yangu zaidi ya mara moja.

---

Kimya_Kingi

Nimemsomea mke wangu majibu yenu. Amelia, kisha ameniomba nimsomee tena pale pa "mkeo hakuwa na lolote." Nimemsomea mara mbili.

---

Mama_Wawili

Mwenyezi Mungu awape faraja, baba. Maalim, nami nina langu. Mwanangu wa pili ana Down. Nilimzaa nikiwa na miaka 41. Niliambiwa ni kwa sababu nilikunywa dawa ya malaria, mwingine akasema nilipita baharini usiku. Mshono unahusika hapo?

---

MaalimLangoni

Mama, unahusika, na habari yake inashangaza.

Mwanamume hushona kila siku tangu balehe mpaka uzee. Mwanamke hushona mara moja tu, akiwa bado tumboni mwa mamake. Mayai yako yote yalikata, yakatafutana, yakashonwa kabla hujazaliwa, kisha yakasimama yakisubiri. Yai lililokuwa mwanao lilishonwa tumboni mwa bibi yake, na likasubiri miaka 41, wenza wakishikwa na mafundo yale na pete zile za kohesini. Pete hizo hazibadilishwi upya vya kutosha, na miaka inazilegeza. Siku ya kuvutana, jozi ya 21 isipoachana sawasawa, yai linabeba mbili badala ya moja. Kwamba Down ni kromosomu ya 21 ya tatu tulijua mwaka 1959 kwa kazi ya Marthe Gautier, Jérôme Lejeune na Raymond Turpin, Ufaransa.

Dawa ya malaria haimo. Bahari haimo. Umri huongeza uwezekano, na mama wa miaka 20 naye humpata.

---

Mama_Wawili

Ahsante mwanangu. Mtoto anakusalimu, yuko hapa anakula mahamri.

---

Nahodha_Mzee

Maalim, hujamaliza ya baghala. Nilisikia zamani kwamba baghala jike aliwahi kuzaa.

---

MaalimLangoni

Kweli, Ami. Ni nadra mno, lakini kule Nebraska, Marekani, miaka ya 1980 alizaa mmoja, na mtoto akathibitishwa kwa kupimwa kromosomu. Dume, hapana. Jike yai moja moja hupenya, kwa sababu ukaguzi wa seli upande wa kike si mkali kama wa kiume. Warumi wa kale walikuwa na msemo, baghala akizaa, wakimaanisha jambo lisilotokea.

Leo nimemjibu yule binti darasani. Nimechora mbao mbili na matundu ubaoni, wakaelewa wote, halafu akaniuliza tena: X na Y za mwanamume si sawa, moja ndefu, nyingine fupi, zinashonwaje? Nikamwambia hushonwa kwenye vipande vidogo vya mwisho tu ambavyo vinafanana, na kwenye kipande hicho lazima mkato na mabadilishano yapatikane, la sivyo mbegu hazitengenezeki. Akasema, "Kumbe kamba ya shubiri moja inashika chombo kizima."

---

FundiWaMbao

Huyo mtoto ni wa nani? Mwambie aje karakana. Mimi nina mbao mbili za mkoko na keke ya babu ingali inatoboa. Niwaletee darasani, washone kwa mkono, kwanza matundu sawa, halafu matundu upogo. Mwasoma bayolojia lini?

---

MaalimLangoni

Jumatatu, kipindi cha tatu, saa nne kasorobo. Kamba ya nazi nitanunua mwenyewe.

---

BintiMatondoni

Kamba usinunue Maalim. Ninayo.